Povu la Sabuni ya Kipaimara

Alhamisi, Mei 1984

Kipimajoto ni kizima. Mkuu wa shule amesema mbele ya kidato cha pili kwamba nimekiharibu, na kingine hakipatikani. Eti povu la sabuni haliwezi kuwa baridi kuliko maji yake.

Maji na hewa ya darasa vilikuwa na joto sawa. Nilipochomeka kipimajoto kwenye povu, kipimo kikashuka. Nikalipepea kwa daftari, kikashuka zaidi. Maji ya kwenye povu yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Mkuu hakungoja nieleze.

Nyumbani, mke wangu hakushangaa. "Povu lina ubaridi, kila anayefua anajua. Sabuni iko wapi?"

Kipande kile alikipangia foleni juzi tangu alfajiri, afulie gauni jeupe la Tekla wetu. Kipaimara ni Jumapili. Nilikichukua bila kumwambia, nikidhani nitarudisha angalau nusu...

Nimerudi na ndoo ya maji yenye povu tu. Ameifunika kwa sinia, povu lisikauke. Nikamweleza kwamba likifunikwa hivyo halipoi tena.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Miaka yote hii amekuwa akiniita Baba Tekla.