Vichupa Kumi, Damu Moja

Mwenzangu, uko? Usipige, andika tu. Shemeji amesimama mlangoni mwa maabara.

Si unajua anataka kuuza ng'ombe wake kumi, ila lazima kwanza tuwapime kile kirusi cha saratani ya damu? Leo kaniletea vichupa kumi. Nimehesabu seli nyeupe za kinga, zile ambazo kirusi hujificha ndani yake. Safi zote.

Safi MNO! Ng'ombe kikongwe na mtamba, hesabu ileile? Wote kumi? Nikasema hapa pana namna.

Nikamuuliza, "Shemeji, mbona damu zinafanana hivi?"

Akacheka. "Si ukoo mmoja hao!"

Ukoo mmoja! Hata mapacha wangu hawafanani hivyo.

Nikajifanya mjinga. "Na Kidoti, yule ng'ombe wako aliyevimba tezi shingoni, anaendeleaje?"

"Aah, yule tulimzika wiki iliyopita."

Tulimzika. Kasema kwa mdomo wake mwenyewe, wala hakushtuka.

Mwenzangu, kichupa cha Kidoti ninacho mkononi. Kimeandikwa tarehe ya leo. Na shemeji ananinyooshea kalamu nitie sahihi kwenye cheti kwamba wote kumi ni wazima.