Mama Anakula wa Mwisho

Zaina mujukuu wangu,

Huku Kisangani tuko wazima, mama yako naye. Unaniuliza kama kula polepole, ukisikia utamu, kunaleta furaha kweli. Ndiyo. Lakini swali lako limenikasirisha.

Kwetu, nikiwa mutoto, liboke, samaki ya kupikwa ndani ya majani, ilifunguliwa mbele ya papa, baba yangu. Alifumba macho, akavuta harufu. Mama yangu, mpishi, alikula wa mwisho, amesimama, akilamba majani. Siku moja nikachoka kuona vile, nikamupa mama liboke ingali moto. Papa akanuna. Mama akakaa, akaonja, akasema polepole, "Kumbe ninapikaka vizuri."

Mama yako anakula akisimama mpaka leo. Ukikuja vakansi, likizo yako, mukalishe kwanza. Furaha yako tutaizungumza yeye akishashiba.

Koko yako