Futa Kauli, Mheshimiwa

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku ni wazima. Mgongo unauma asubuhi, nikishaingia wodini nausahau. Wewe hujambo? Mkeo na watoto? Simu zako nimeacha kupokea, usinune. Ukipiga unanihutubia kama niko uwanjani. Kwenye karatasi angalau nakusoma nikiwa nimekaa.

Daktari wetu wa upasuaji amehamishwa. Barua ya Wizara ilifika Ijumaa, Jumatatu akaondoka, na hakuletwa mwingine. Chumba cha upasuaji kimefungwa. Mzazi akikwama, tunampakia kwenye gari la wagonjwa mpaka mji wa pili, na ile barabara unaijua. Mpwa wako sasa ana mimba ya miezi sita. Nyonga zake ni nyembamba. Mimi mamake na mkunga wake nimeshamwambia, huyu atazaliwa kwa kisu.

Nasikia mnajadili muswada wa kugatua madaraka, na ndani yake kuna kifungu cha kuziruhusu wilaya ziajiri madaktari zenyewe. Katibu wa wilaya ana daktari aliye tayari kuanza kesho, anasubiri sheria tu. Kapige kura, mdogo wangu. Usigombane na mtu.

Dada yako

15 Februari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hapa hatujambo, ila kitinda mimba ana kikohozi kinachosikika kuliko sauti ya babake. Mamake anasema hakudhani hilo linawezekana.

Kifungu hicho nimekiandika mimi mwenyewe. Hebu niambie, ni akili gani hii, mtu aliyekaa mji mkuu chini ya kiyoyozi aamue nani akunje mikono ya shati wodini kwako? Mkihitaji bawaba ya mlango wa choo, ombi linapanda kutoka meza hadi meza, kisha linashuka na jibu kwamba hospitali yenu haina choo. Wenyewe wanauita mfumo huo umoja wa taifa. Mimi nauita uvivu uliovaa tai.

Kura zimebanana. Mnadhimu wa chama chetu, yule mama anayenong'ona, amepita ofisi kwa ofisi: hakuna kuugua, hakuna kusafiri, hakuna kufiwa. Kwangu alisimama zaidi. "Tarumbeta," akaniambia, "siku hiyo ufunge mdomo." Nimemwahidi. Nakuahidi na wewe.

Mwambie mpwa wangu mjomba yuko kazini.

Mdogo wako

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua umesikia redioni, lakini redio haikusema yote.

Nilikaa kimya mjadala wote. Kisha Waziri wa Afya akasimama, akaitaja hospitali yako kwa jina. Akasema daktari wa upasuaji yupo, rekodi za Wizara zinaonyesha. Na kweli zinaonyesha, dada! Mshahara wake bado unaandikwa kwenu, mwenyewe kakalia kiti Wizarani, ghorofa moja na Waziri. "Wapinzani," akasema, "wanataka kugatua wasichokijua." Upande wao wakagonga meza kwa kicheko.

Nikasimama. "Mheshimiwa Spika, Waziri ni mwongo."

"Futa kauli, Mheshimiwa."

"Nifute kauli, au nifute wodi ya dada yangu?"

"Kwa mara ya mwisho, Mheshimiwa. Futa kauli."

Mnadhimu alikuwa ananivuta koti kutoka nyuma. "Futa, baba. Futa, kesho utaisema tena."

Ingekuwa uongo ningefuta. Nikasema sifuti. Askari wa Bunge wakanitoa, na anayetolewa harudi kikao hicho. Nje waandishi wakanizunguka, wapita njia wakanipigia makofi. Nikiwa bado nawahutubia, ndani wakapiga kura. Zikalingana. Spika akatumia ya kwake, akawapa wao.

Muswada ukianguka haurudi mezani mpaka ipite miezi sita.

Niandikie.

Mdogo wako

30 Machi

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Mpwa wangu anaendeleaje? Wizarani nimegonga kila mlango, wananikaribisha, wananipa chai, basi. Mlete ajifungulie hapa. Chumba kipo na mke wangu ameshakitandika. Jibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Nyie je?

Barua yako ilifika presha ya mpwa wako ikiwa imepanda, safari ndefu haikuwezekana. Uchungu ulimshika Jumanne, nikiwa zamu. Mtoto hakuweza kupita. Tukampakia, nikakaa nyuma naye. Gari lilikuwa zima. Dereva alijitahidi. Barabara ilikuwa kavu. Sina wa kumlaumu njiani.

Walimpasua tulipofika tu. Yeye yupo. Mtoto alikuwa wa kiume, alitolewa ameshakufa. Tumezika.

Ijumaa nilirudi kazini. Mashuka yalikuwa yametoka kufuliwa, nikayakunja.

Dada yako

3 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Pole. Nimeandika mengi chini ya neno hilo nikachana, sasa naliacha peke yake. Ungenipigia ningekuja kuzika.

Nina ombi. Wiki mbili zijazo tunajadili bajeti ya Wizara ya Afya. Niruhusu nimseme mpwa wangu. Jina sitalitaja. Nataka Waziri akae pale pale alipokaa, asikie habari ya hilo gari na wewe nyuma yake, kisha anisomee tena rekodi zake. Bunge zima litanyamaza, dada. Wanaojificha nyuma ya makaratasi hawana jibu mbele ya kaburi.

Na uniambie kama una hasira na mimi, nijue.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Usimseme. Najua watanyamaza. Watanyamaza, kisha watagonga meza, kisha watakwenda kula. Yeye anashinda chumbani na redio iko sebuleni. Hajaniambia niizime, lakini ukianza kusema wewe anafunga mlango.

Umeuliza kuhusu hasira. Nimejipekua, sioni kitu. Ulichosema kilikuwa kweli. Daktari hakuwepo, na aliyekuandikia kwamba hayupo ni mimi. Lakini mimi sikukuomba ukweli. Nilikuomba kura.

Dada yako

23 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hapa wazima. Bajeti ilipita, sikusema kitu, nadhani ulisikia. Nilingoja barua yako, nikaacha kungoja.

Muswada umerudi leo. Waziri akasimama na karatasi ile ile: hospitali ile ina daktari, rekodi zinaonyesha. Halafu akanigeukia. "Mheshimiwa Spika, naona leo tarumbeta limeziba." Wakacheka, wengine wakiwa wa upande wangu. Jibu nilikuwa nalo, dada. Nilikuwa nalo mdomoni kama jino.

Spika akaniuliza kama nina la kusema.

"Sina, Mheshimiwa Spika."

Ndivyo itakavyosomeka kwenye kumbukumbu za Bunge: Waziri amesema daktari yupo, na mbunge wa huko hana la kusema.

Nikapiga kura. Tumeshinda kwa moja. Mnadhimu alinishika mkono akalia, mimi nikawa naangalia tu saa yake. Waandishi walewale waliuliza nimenunuliwa na nani. Nikawapita. Nimefika nyumbani nikalala na viatu, mke wangu ndiye aliyenivua.

Hiyo ndiyo kura yako. Nisalimie mpwa wangu, kama anapokea salamu zangu.

Mdogo wako

14 Januari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mkeo na watoto nawasalimu.

Daktari ameanza Jumatatu. Si yule aliyekuwa tayari, huyo alichoka kusubiri akaenda kwingine. Huyu ni binti, wilaya imemfanyia usaili yenyewe. Mikono yake ni midogo na haitetemeki, nilimwangalia sana. Jana alimpasua mzazi aliyekwama. Mtoto alilia kabla hatujamfuta. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nashika taa.

Mpwa wako amerudi dukani, anafanya nusu siku. Anakula. Salamu zako nimempa, akasema haya.

Baada ya upasuaji daktari alikaa kunywa chai. Ni mchangamfu, anapenda maneno kama wewe. Akaniuliza, "Mama, una wajukuu?"

Nikamwambia mashine ya kuchemshia vifaa inavuja, inahitaji mpira mpya wa mlangoni.

Akasema atawaandikia wilayani. Leo asubuhi wameuleta.

Dada yako