Mnara wa Kibokoni

Jumatatu, 7 Julai
Ofisini, Ganjoni. Asubuhi nzima nasaka simu ya mteja iliyopotea, kwa mawimbi ya minara ya simu. Ndiyo kazi yangu. Kisha nikafanya nisiloruhusiwa: nikaingiza nambari ya Salim, mume wangu. Aliniambia yuko Makupa dukani, anauza vipuri. Minara ikasema Kibokoni. Kibokoni anakaa Mwanaisha, mtalaka wake.

Nina wivu. Naandika wazi.

Jumatano, 9 Julai
Kibokoni tena. Saa nane hadi saa tisa na nusu. Jioni nikamuuliza habari za dukani. "Alhamdulillahi, wateja wengi." Mwongo. Nilimpakulia wali.

Alhamisi, 10 Julai
Minara hainipi nyumba. Inanipa duara tu, na ndani yake nyumba tele. Nimeifungua ramani mara tisa. Wakinigundua ofisini, kazi sina. Na iwe.

Jumatatu, 14 Julai
Nimekwenda Kibokoni na kipimo cha mawimbi mkononi, kana kwamba nimetumwa na ofisi. Nikaulizia kwa Mwanaisha, nikaonyeshwa. Mlango wazi. Salim kakaa kitini, anamsomea gazeti. Mwanaisha kafungwa bandeji macho yote mawili. Shangazi yake yuko kando, anamenya viazi. Hakuna jingine.

Lakini Salim alikuwa akicheka. Kwangu hajacheka hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Afadhali ningemfumania. Ningejua la kusema.

Shangazi akaniona. "Karibu, mwanangu. Wamtaka nani?"

Salim akageuka. Gazeti likamponyoka.

Jumanne, 15 Julai
Jana aliniuliza nilijuaje. Nikamwambia yote, na minara. Akaniuliza tena:

"Ningekwambia amepasuliwa macho, ungeniacha niende?"

"La."

"Basi."

Leo kaizima simu. Kwenye ramani hayuko popote. Najiona mchafu. Wivu ungalipo.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekwenda mwenyewe kumtia Mwanaisha dawa ya macho. Bandeji zimetolewa, ila bado anaona ukungu tu. Nikamwambia nitakuja kila siku. Ili Salim asiwe na sababu ya kuja. Hilo sikulitamka.

Akanishika mkono, akauliza jina. Nikamtajia. "Mke wa Salim," akasema. Kisha akasogea, akanipa nafasi mkekani.

Nikaketi.