Kwa Nini Hatupigi Kura

Mpendwa Nekesa,

Huku Garissa tu wazima, ila joto litatumaliza. Babu yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini sisi wa Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, hatupigi kura tunapoamua jambo, tunanyamaza tu mpaka wote wakubali. Hata mimi nilijiuliza, nilipokuja hapa nikiwa mwalimu kijana. Tulikuwa wachache, tukikodi chumba cha mabati. Tukataka ibada ianze alfajiri, kabla ya jua kali. Rispa, muuguzi, akatikisa kichwa. Basi tukanyamaza, tukingoja Mungu amlainishe moyo. Jumapili baada ya Jumapili, jasho linatutoka! Nilitamani kupiga kelele.

Siku moja Halima, mwenye chumba, akatuletea maji, akauliza tunangoja nini. Tukamweleza.

"Wallahi, nyinyi watu! Rispa, kwa nini hutaki?"

"Alfajiri bado niko zamu wodini. Nitakosa ibada."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Tukapanga tuanze akishatoka zamu. Yakaisha.

Sasa ni mapazia ya kanisa. Babu yako hayataki, nasi tumenyamaza tena, wiki nenda wiki rudi. Mimi ndiye ninayempakulia chakula kila siku, na bado sijamuuliza.

Bibi yako, Kukhu