Usiku wa Tisa kwenye Mlango wa Doña Amparo

Jiji la Meksiko,
28 Desemba

Kaka yangu mpenzi Leobardo,

Pokea salamu zangu na za mtaa mzima. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wifi Nubia na mapacha, na kwamba kikohozi cha Nubia kimetulia. Mimi ni mzima kabisa, ila sauti imenikauka kwa kuimba. Ukinipigia simu leo utadhani imepokewa na Don Fidencio. Ndiyo maana naandika. Tena habari nilizo nazo ni nyingi, na kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Mwezi wa kumi uliniuliza ni kitu gani hasa kinachonishikilia hapa. Ulisema kazi kwenye duka la miwani la huko Monterrey inanisubiri, chumba cha juu nyumbani kwako kiko tayari, na jibu unalitaka kabla ya sikukuu ya Wafalme Watatu, Januari sita. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kujiwekea sharti, na nikaliandika kwenye shajara yangu tarehe mosi Desemba: posada za mwaka huu, yaani nyimbo zetu za kuomba hifadhi mlangoni kabla ya Krismasi, zikitimia siku zote tisa, nabaki, tukikosa hata siku moja, nafunga virago nakuja. Unakumbuka mama alivyokuwa mkali kwa jambo hili. Kwake siku nane zilikuwa karamu tu, na wala hakutaka kuziita kwa jina jingine.

Kila usiku unahitaji mlango wake wa kutupokea, na siku niliyoandika sharti hilo tulikuwa na milango minane.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana mtaa uliouacha si huu. Pale kwa fundi magodoro sasa ni mkahawa, na watu wanakaa na kompyuta zao toka asubuhi hadi jioni kwa kikombe kimoja cha kahawa. Nyumba ya akina Zúñiga imegeuzwa vyumba vya wageni wa siku mbili tatu. Kutwa nzima unasikia masanduku ya magurudumu yakikokotwa juu ya mawe. Taa za barabarani zinawaka, hilo lazima niseme, na mimi mwenyewe narudi kutoka kazini bila kugeuka geuka nyuma kama zamani.

Kila mtu ana maoni yake na hakuna anayeyaweka moyoni. Don Fidencio, ambaye bado anashona viatu langoni kwetu, anasema hana ugomvi na wageni: viatu vyao ni vya ngozi ya kweli na hawapatani bei. Tatizo lake ni kwamba hawakai. Anamaliza kubadilisha soli, anageuka, mwenye kiatu karudi kwao. Ana rafu nzima ya viatu visivyo na wenyewe, na anasema siku moja atavivaa vyote kwa zamu aonekane mtalii. Doña Chole, ambaye bado anauza tamale zake za unga wa mahindi kwa baiskeli, yeye hana subira hiyo. Kijana mmoja alimuuliza kama tamale zake zina mafuta ya nguruwe. Akamjibu, “Mwanangu, tamale isiyo na mafuta ya nguruwe ni karatasi. Nenda kale daftari.” Mwingine akamlalamikia kipaza sauti cha baiskeli yake, kwamba kinamwamsha. Tangu siku hiyo anapita chini ya dirisha lake mara mbili. Lakini nilipombana alikiri kwamba siku hizi sufuria yake inakuwa tupu kabla hata kengele ya kanisa haijalia.

Habari mbaya ni ya Doña Amparo. Mwezi wa nane mwenye nyumba alikataa kumwongezea mkataba. Akaondoka na cherehani yake na mitungi yake ya maua, akaenda Chalco, mbali nje ya jiji, kwa binti yake. Nyumba ikapakwa rangi, akaingia Mdenmaki mmoja anayeitwa Mikkel, mchora ramani za majengo, mrefu kiasi kwamba watoto wanamwita Ngazi. Barua za Doña Amparo bado zinafika kwake, na kila wiki huniletea kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Sasa wewe unajua mlango wa Doña Amparo ulikuwa wa usiku gani. Tangu tukiwa wadogo ulikuwa wa tisa, wa kufungia.

Niliuliza kila mahali. Wengine walisema nyumba zao ni ndogo, wengine wanasafiri, na mama mmoja mgeni aliniuliza kama shughuli hiyo ina bima. Don Fidencio akanishauri nimwendee Ngazi. Doña Chole akasema afadhali mlango wa benki. Tarehe tatu nikabisha.

Nilimweleza taratibu, maana Kihispania chake ni cha kusoma gazeti. Nikamwambia sisi tutakuja na mishumaa na sanamu za Yosefu na Maria, tutasimama nje tuimbe tukiomba mahali pa kulala. Yeye na wenzake watakuwa ndani, watatujibu kwa kuimba kwamba hakuna nafasi, tuondoke. Tutaomba tena, watatukataa tena, kwa ukali zaidi. Mwishoni kabisa watatutambua, watafungua, na hapo watu wanakula. Alisikiliza kama mwanafunzi. Kisha akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama majirani hawataudhika akiwakataa. Nikamwambia wataudhika asipowakataa. Akaomba maneno ya wimbo. Kuanzia siku hiyo, kila nikipita uani jioni nilimsikia bafuni akitufukuza kwa sauti nene.

Nane za kwanza zilikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Kwa akina Barragán pinyata, ule mtungi wa peremende, haikupasuka mpaka mjomba wao alipoipiga teke. Usiku wa tano wale wa mkahawani walifunga kompyuta wakatufuata wakiwa wameshika simu juu kama mishumaa, na Doña Chole akawaambia wazime, Mtoto Yesu hatapotea njia. Kila usiku nilirudi nyumbani nikaandika namba kwenye shajara, kaka, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Tarehe ishirini na nne, giza lilipoanza kuingia, tulikutana langoni. Nilikuwa nimempigia simu Doña Amparo, nikamsihi aje, na akaja. Metro na mabasi mawili, nywele zimetengenezwa, koti lake la bluu. Alipouona mlango wake umepakwa rangi ya kijivu alisema tu kwamba unaonekana kama mlango wa jokofu. Tukampa sanamu azibebe, kwa heshima, akasimama mbele kabisa. Mtaa wote ulikuwa nyuma yake, hata wale wa vyumba vya siku mbili tatu, na masanduku yao.

Tukaanza kuimba. Hatukufika mwisho wa ubeti wa kwanza. Mlango ulifunguka wote, na Mikkel akasimama pale na shati lake jeupe, mwekundu usoni, akisema karibuni, karibuni tafadhali.

Wimbo ulikatika kama umeme. Watu wa nyuma, wasioona kitu, waliendelea kidogo kisha nao wakanyamaza. Nikaanza kuhesabu kichwani: bila kukataliwa si posada, na bila posada ni siku nane, na siku nane ni Monterrey. Doña Chole alikuwa wa kwanza kupata maneno. Akamwambia, “Rudi ndani, baba, utufukuze. Tumetoka mbali kuja kufukuzwa.” Don Fidencio akasema pengine Denmaki wanafanya hivyo, wanafungua kwanza wanauliza baadaye. Watu wakacheka kidogo, lakini Mikkel hakucheka na hakurudi ndani.

Alisema amechungulia dirishani, akamwona bibi wa mbele anavyoutazama mlango, akajua ni yule wa kwenye barua. Alisema maneno ya wimbo anayajua yote, ila hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba hakuna nafasi ndani ya nyumba yake. Alisema hivyo kwa Kihispania chake cha gazeti, neno baada ya neno, na hakuna aliyemsahihisha.

Hata mimi ambaye nilikuwa na hasira nilijikuta nikitazama chini. Ndipo Doña Amparo akamjibu kwamba yeye hakuwa mwenye nyumba hata siku moja. Alikuwa mpangaji, alilipa kodi tangu akiwa na mimba ya binti yake wa kwanza, na mwenye nyumba ni mtu anayekaa mtaa mwingine na haimbi. “Hata wewe si mwenye nyumba, kijana,” akamwambia, “kwa hiyo usijipe makuu.” Kisha akanikabidhi sanamu, akampita Mikkel, akaingia ndani, akamvuta kwa mkono wa shati na kufunga mlango kwa kishindo.

Tulibaki nje tukitazamana. Kisha tukasikia sauti ya Doña Amparo kutoka ndani, ile sauti yake ya mikwaruzo, ikianza upya: nyie ni nani, saa hizi, ondokeni. Tukaomba. Akatukataa. Tukaomba tena. Akatuambia tunaweza kuwa wezi, na kaka, aliimba kama mtu anayetaka isikike mpaka kwa yule anayekaa mtaa mwingine. Sauti nene ya Mikkel ilikuwa inamfuata nyuma, ikikosea tuni lakini si maneno. Doña Chole alilia wazi wazi, mimi nikalia nikizificha sanamu zisilowe, na nta ya mshumaa wa mtu ilimdondokea Don Fidencio kwenye kola wala hakugeuka. Sijawahi kufukuzwa vizuri namna ile. Walipofungua, tuliingia kwa fujo kiasi kwamba mtungi mmoja wa Mikkel ulivunjika.

Chakula kilikuwa cha kuchekesha. Mikkel alipika kile kinywaji cha moto cha matunda, lakini akatia stroberi badala ya mapera na miwa. Doña Chole alionja, akamwambia ni kitamu sana na asirudie tena. Na pale mezani mambo yakasemwa ambayo miezi yote yalikuwa yanasemwa mgongoni. Don Fidencio alimweleza Mikkel usoni kwamba kila mgeni anapolipa kodi bila kuuliza, ya kwetu inapanda. Mikkel hakujitetea. Alisema mkataba wake unaisha Juni, mwenye nyumba tayari amemwambia atataka zaidi, na hajui atakwenda wapi. Doña Amparo akamwambia ajifunze kuwajua majirani mapema, maana wao ndio humsaidia mtu kubeba vitu siku ya kuhama. Kijana wa mkahawani akauliza kama wapangaji wote wa mwenye nyumba huyo wamewahi kukaa mahali pamoja wakazungumza. Hatujawahi. Tunakutana tarehe tisa Januari, hapo hapo kwa Mikkel, na mimi ndiye katibu.

Kwa hiyo jibu lako umeshalijua. Siku tisa zimetimia, sitakuja Monterrey. Mshukuru sana yule mwenye duka, na mwambie Nubia kile chumba cha juu awape mapacha.

Lakini kuna jambo moja zaidi, nami nimelizunguka ukurasa mzima kwa sababu naogopa kidogo. Watu walipoanza kwenda kwenye chakula cha mkesha wa Krismasi majumbani kwao, nilimsindikiza Doña Amparo kituoni. Nikamuuliza anavyoishi Chalco. Alisema binti yake ni mwema na mkwe hana neno, ila analala kwenye kochi sebuleni, na hawezi kulala mpaka wote wamalize kutazama televisheni. Alilisema hilo huku akitafuta kadi ya metro, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kaka, nilikuwa nimetoka kuimba siku tisa mfululizo nikiomba mahali pa kulala kwa ajili ya watu wa sanamu. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia kwetu kuna chumba.

Ni chumba chako. Najua mkataba una majina yetu wote wawili, na najua nilipaswa kukuuliza kwanza. Sikukuuliza kwa sababu ungesema tufikirie, na basi lilikuwa linakuja. Alihamia juzi, tarehe ishirini na sita, na cherehani ikabebwa ngazini na Mikkel na Don Fidencio wakigombana nani ashike upande mzito. Kitanda chako anakipenda. Picha zako za wanamieleka wenye barakoa amekataa zitolewe ukutani. Anasema wanamtazama kwa heshima kuliko marehemu mumewe. Usiku nasikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na naandika shajara yangu nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mama atutoke. Ukikasirika, kasirika, lakini uje mwenyewe uniambie. Utalala kwenye kochi, na televisheni tutaizima mapema.

Wasalimie Nubia na mapacha, uwabusu kwa niaba yangu. Don Fidencio anakusalimu na anauliza kama unavaa bado namba ile ile ya kiatu, maana ana jozi moja nzuri isiyo na mwenyewe. Doña Chole anasema umenenepa kwenye picha, na kwamba ni chakula cha kaskazini hicho. Doña Amparo naye anakusalimu sana, anakushukuru kwa chumba, na anasema droo ya chini ya kabati imefungwa. Anauliza ufunguo uko wapi, na kama kuna kitu ndani ambacho mama mtu mzima hapaswi kukiona, anaomba umwambie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi Mikkel anakuja na bisibisi.

Dada yako akupendaye,

Otilia