Kumi na Saba Bila Kosa

Louisville, Alhamisi, Machi 2015

Theluji ya juzi imeyeyuka, maegesho yote ya kiwandani ni matope, na mimi nimefura tangu saa nne asubuhi. Nimekunywa chai vikombe viwili na bado sijatulia. Acha niandike kabla sijampigia mtu simu nikamtukana.

Leo niliwasimamia watu wawili mtihani. Ndiyo kazi yangu pale ofisini: napokea maombi ya kazi, natunza mafaili, na nikiambiwa nashika saa. Maswali hamsini, dakika kumi na mbili. Bosi wangu anaupenda mtihani huu kupita kiasi. Kila mara anatukumbusha kwamba hata wachezaji wa ule mpira wa Wamarekani wa kubeba mkononi hupimwa akili hivyo hivyo kabla ya klabu kuwachagua. Sisi tunatengeneza paipu za breki. Sijui hapa nani anakimbizana na nani.

Mmoja wa hao wawili alikuwa Mwalimu Rukundo. Tunasali kanisa moja huku mtaani kwetu, Iroquois, na kila mtu humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu miaka kumi na mitatu kwenye milima ya Kivu Kusini kabla vita havijamtoa. Kiwandani anafunga paipu, zamu ya pili. Anaingia saa tisa alasiri, na watoto wake wanashuka kwenye basi la shule saa tisa na nusu. Nafasi iliyotangazwa ni ya mkaguzi, zamu ya mchana. Angekula chakula cha jioni na watoto wake. Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka.

Na ukaguzi anaujua. Wenzake humpelekea paipu wanayoitilia shaka, anapitisha kidole juu yake na kuwaonyesha ufa ulipo.

Alikuja na koti la Jumapili na rula mfukoni. Rula! Nilipobonyeza saa alisoma swali la kwanza, akafanya hesabu pembeni, akahakiki jibu, akalipigia mstari. Kisha la pili. Yule wa pili, mama aliyekaa nyuma yake, alikuwa anafunua kurasa kama anayetafuta namba kwenye kitabu cha simu. Ilipobaki nusu dakika, nilimwona akijaza majibu hadi chini bila kusoma kitu.

Mwalimu alikuwa amefika swali la kumi na saba. Nilisahihisha mara mbili. Yote kumi na saba ni sahihi. Yule mama alijaza hamsini, akapata ishirini na moja, yaani amekosa ishirini na tisa. Alama za kupita ni ishirini.

Mama amepita. Mwalimu ameanguka.

Simlaumu yule mama. Lakini jamani, kazi ya mkaguzi ni kutopitisha kitu ambacho hajakikagua! Paipu ya breki! Nilimwambia bosi maneno hayo hayo. Akanijibu, bila hata kuinua macho, kwamba namba ni namba.

Nilimfuata Mwalimu kwenye maegesho. Nikampa matokeo, nikamwambia baada ya miezi sita anaweza kurudia, na kwamba jibu lililokosewa halipunguzi alama, kwa hiyo dakika ya mwisho ajaze herufi moja tu hadi chini.

Alinitazama kwa upole, nadhani kama alivyowatazama wanafunzi wake.

"Bon, dada, ile kitu sijui, niandike sawa vile najua? Batoto kule nilikuwa nabapa zéro juu ya ile." Yaani wanafunzi wake waliobahatisha majibu aliwapa sifuri. Halafu akauliza kama na mimi nilifanya hivyo: "Na weye, ulifanyaka vile?"

Nikasema nimechelewa kikao.

Sikuwa na kikao chochote.

Ukweli, shajara, ni huu. Miaka minne iliyopita nilifanya mtihani huo huo, chumba hicho hicho. Binamu yangu anayeishi Hilliard, Ohio, ndiye aliyenipa kwa simu ujanja huo wa kujaza herufi moja. Nikapata ishirini na mbili, na hadi leo sijui ngapi kati ya hizo ni zangu. Jumapili iliyopita Mwalimu aliniambia mlangoni mwa kanisa kwamba anakuja kujaribu, nikamjibu Mungu yupo. Ningeweza kumwambia la maana zaidi. Nilinyamaza kwa sababu ningelazimika kusema nimelijuaje. Kwa hiyo nusu ya hasira hii najikasirikia mwenyewe.

Mchana nilifungua kabati la mafaili, maana funguo ninazo mimi, nikatafuta karatasi yangu. Kuanzia swali la thelathini na moja hadi hamsini ni C, C, C, mpaka chini. Pembeni hakuna hesabu hata moja.

Nimeibana pamoja na ya Mwalimu. Kesho saa mbili asubuhi nitaziweka zote mbili mezani kwa bosi na kumwambia ipi ni yangu. Huenda akanifukuza, na kusema kweli sijui kodi ya nyumba nitailipaje.

Halafu saa tisa kasoro robo, niwe bado nina kazi au sina, nitamsubiri Mwalimu mlangoni nimjibu swali lake.